Utepe Ukishakatwa: Ndege za Umeme na Maswali ya Kisauni

Bamburi paliwahi kuwa na kiwanja kidogo cha ndege. Msimbo wake wa kimataifa, BMQ, unatukumbusha kwamba kuna wakati ndege ndogo zilikuwa na sababu ya kutua ndani ya Kisauni yenyewe. Leo ukifuata barabara ya Malindi kutoka Nyali hadi daraja la Mtwapa unakutana na nyumba, maduka, stegi za matatu, kiwanda cha simiti na watu wengi, na ndege ni kitu cha kupita juu ya mapaa. Zinazotua Moi International zikitokea kaskazini-mashariki hupita juu ya upande wa ndani wa Kisauni, kisha zinavuka maji kwenda Port Reitz, Changamwe. Kisauni yenye uwanja wa kimataifa iko Unguja, ambako uwanja wa Abeid Amani Karume ulijulikana zamani kwa jina hilohilo. Kisauni yetu imebakiwa na mngurumo tu.

Nataja hayo kwa sababu mazungumzo ya ndege za umeme yamekwisha kufika Kenya, na lugha yake inavutia: marubani vijana, safari fupi zisizo na moshi, viwanja vidogo vilivyolala viamshwe. Mimi nautaka mpango huo kwa dhati. Nataka siku moja msichana wa Mtopanga ajifunze kurusha ndege bila familia yake kuuza kiwanja. Lakini Mombasa imeshuhudia uzinduzi mwingi, na mradi wetu huwa unashindwa baada ya hotuba, pale mgeni rasmi anapoondoka na kumwachia mtu fulani ufunguo bila vipuri. Kwa hiyo maswali ya mtaani yaulizwe sasa.

Tuanze na kilichopo. Mwezi Juni 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, kwa mara ya kwanza duniani iliipa ndege ya umeme hati kamili: Velis Electro, iliyoundwa na kampuni ya Pipistrel ya Slovenia. Ni ndege ya viti viwili, ya kufundishia. Ina betri mbili, moja puani na nyingine nyuma ya viti, zenye jumla ya yuniti ishirini na kitu za umeme. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilo 600. Ukitoa uzito wa ndege na betri zake, mwalimu na mwanafunzi wanabakiwa na kilo 172 za kugawana. Wote wawili wakiwa na miili mikubwa, somo halifanyiki. Hewani hukaa dakika 50 hivi, mbali na akiba ya usalama, na ruhusa yake ni ya kuruka mchana tu, rubani akiona njia kwa macho yake.

Dakika 50 ni kidogo kwa msafiri. Kwa mwanafunzi wa mwanzo ni somo zima. Leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 40 hewani, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kazi moja ya kurudiarudia: kuondoka, kuzunguka uwanja, kutua, kuondoka tena. Mzunguko mmoja hauchukui dakika kumi. Mwanafunzi haendi popote. Anajifunza mkono uzoee usukani na jicho lizoee njia ya kutulia. Hapo betri, pamoja na uchache wake, inatosha.

Sasa tuitoe ndege hiyo uwanjani. Kutoka Moi International hadi Ukunda, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kama kilomita 30. Velis ikienda kwa mwendo wake wa kawaida, fundo 90 hivi, inafika ndani ya robo saa, inagusa ardhi, inarudi, na betri bado inasema. Malindi ni jambo jingine. Ni takriban kilomita 105. Siku tulivu, hesabu inatoa dakika 38. Lakini siku tulivu ni chache Pwani, na nahodha yeyote wa jahazi angetuambia hivyo kabla hatujafungua ramani. Kaskazi ikivuma kwa fundo 15, ndege inayokwenda Malindi inakwenda nayo uso kwa uso. Mwendo wake juu ya ardhi unashuka hadi fundo 75, na safari inakuwa dakika 45 kabla ya kuhesabu kupanda na kujipanga kutua. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemruhusu mwanafunzi aende. Na hata akifika salama, Malindi lazima iwe na chaja inayofanya kazi siku hiyo, la sivyo ndege italala huko ikisubiri lori. Kusi ikirudi mambo yanageuka: kwenda ni raha, kurudi ndiyo kazi. Lamu, kilomita kama 245, haiguswi kabisa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ndege ya umeme ya leo ni ya kufundishia, na mradi unaoanza na abiria umeanzia mkiani. Mwaka 2022 Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini barua ya nia na Eve Air Mobility, kampuni iliyotoka kwa Embraer ya Brazili, kuhusu teksi za angani za umeme zisizozidi 40. Zilitarajiwa kuanza kufika 2026. Eve wenyewe baadaye walisogeza mwanzo wa biashara hadi 2027. Barua ya nia si kosa. Kampuni yenye macho ya mbele huandika barua kama hizo. Kosa ni letu sisi tunaoisoma kama risiti.

Ulaya na Marekani nako njia haijanyooka. Tecnam ya Italia ilikuwa inaunda ndege ya umeme ya abiria tisa, P-Volt, ambayo shirika la Widerøe la Norwe lilitaka kuitumia kufikia 2026. Mwaka 2023 Tecnam ilisimamisha kazi hiyo na ikaeleza waziwazi sababu: betri zingechoka baada ya safari mia chache, na kuzibadilisha kungeua biashara. Eviation ya Marekani iliirusha Alice mnamo Septemba 2022 kwa dakika nane, kisha mwanzoni mwa 2025 ikasimamisha shughuli. Lilium ya Ujerumani ilifilisika mwishoni mwa 2024. Waliokwenda taratibu ndio waliojifunza kwa bei nafuu: jeshi la anga la Denmark, mwaka 2021, lilikodi Velis mbili kwa majaribio. Lilikodi, halikununua.

Mombasa ina orodha yake. Mwaka 2018 tuliambiwa juu ya magari ya kamba yatakayovusha watu Likoni kwa njia ya hewa, mradi wa mabilioni ya shilingi, na michoro yake ilikuwa mizuri mno. Wavukaji wa Likoni bado wanavuka kwa feri. Treni ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 ikivutwa na dizeli, huku umeme ukitajwa kuwa hatua ya baadaye. Jirani zetu Watanzania walianza na umeme, na Juni 2024 treni yao ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Lakini si kila mradi wa aina hii umeishia kwenye mchoro, na mmoja uliosimama uko palepale Moi International. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilijenga uwanjani hapo mtambo wa sola wa takriban kilowati 500, uliozinduliwa mwishoni mwa 2018. Kazi yake haina fahari. Ndege kubwa ikiegesha mlangoni, abiria wakiteremka na wengine wakipanda, kwa kawaida huacha injini ndogo ya mkiani ikiunguza mafuta ili taa ziwake na hewa ndani iwe baridi. Kwa joto la Mombasa, hiyo ni lazima. Mtambo ule ulikuja na vifaa vya kuichomeka ndege kwenye umeme wa jua na kuipelekea hewa baridi kwa bomba nene, ili injini ile izimwe. Hesabu ya wenye mradi ilikuwa kuokoa zaidi ya tani 1,300 za hewa ya ukaa kwa mwaka.

Kwa nini huu ulijengwa na magari ya kamba hayakujengwa? Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu aliyehitaji kubadilisha maisha yake. Ndege zilikuwa zinakuja tayari. Mlango ulikuwapo, jua lilikuwapo, gharama ya mafuta ilikuwa inalipwa kila siku. Mradi uliingia katikati ya shughuli inayoendelea na ukachukua kipande chake kimoja tu. Na humo naona nafasi ya ndege ya mafunzo. Chaja ya Velis moja hudai takriban kilowati 20. Kati ya ndege kubwa moja na nyingine kuna saa ambazo jua la adhuhuri linawaka juu ya paneli na mlango hauna wa kuchomekwa. Umeme huo ungeweza kufundisha rubani.

Na kuna ndege za umeme ambazo tayari zinaruka kila siku Afrika Mashariki, ila tunazisahau kwa sababu hazina mtu ndani. Zipline ilianza Rwanda, kituo cha Muhanga, Oktoba 2016, ikipeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo za betri zinazodondosha mzigo kwa mwavuli. Kenya ilipata kituo chake Chemelil, kaunti ya Kisumu, mwaka 2022. Tanzania nayo ilitangaza mpango mkubwa mwaka 2017, Dodoma ikiwa ya kwanza, kazi ianze 2018, lakini haukuruka. Teknolojia ilikuwa ileile na kampuni ileile. Rwanda serikali ilijua inanunua nini: chupa ya damu, hospitali fulani, kwa dakika kadhaa. Mtaji mkubwa wa mradi ni mteja anayeujua mzigo wake.

Kwa hiyo kila ninapoona mpango wa ndege za umeme kwa Pwani natafuta kwanza jina la mteja. Ni shule gani ya urubani? Shule nyingi ziko Wilson, Nairobi, na kijana wa Kisauni anayetaka urubani huanza kwa kutafuta chumba cha kupanga huko kabla hajaanza kutafuta ada. Huko ndege nyingi za kufundishia ni Cessna na Piper za zamani zinazokunywa avgasi, mafuta ghali yanayoagizwa kutoka nje. Cessna 172 hunywa zaidi ya lita 30 kwa saa. Kujaza betri za Velis kwa bei maalumu ya umeme wa magari iliyoanza Aprili 2023, shilingi 16 kwa yuniti, hakufiki shilingi 500 kabla ya kodi na tozo, kama ndege itakubaliwa katika kundi hilo. Usiku bei hiyo ni nusu. Tofauti ni kubwa kiasi cha kumtia mtu tamaa, na hapo ndipo ninaposita, kwa sababu bei ya umeme ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Betri ndiyo mafuta yaliyolipiwa kwa mkupuo. Asiyeigawa bei ya betri kwa saa zake zote za uhai, na akaiweka ndani ya ada ya kila somo, atatangaza ada nafuu mwaka wa kwanza na kufunga shule mwaka wa tatu.

Kuna jambo moja katika avgasi ambalo Mombasa ina haki ya kulizungumzia kwa sauti. Avgasi ya kawaida bado ina madini ya risasi. Petroli ya magari yenye risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006. Ya ndege ndogo ikaachwa. Na sisi tunaijua risasi. Owino Uhuru, Mikindani, ng'ambo ya hori la Tudor ukitokea Kisauni, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilianza 2007, kikafungwa 2014. Watoto waliugua, watu walikufa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano na kutunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Ni watu waliosubiri miaka mingi kusikilizwa juu ya betri za watu wengine.

Betri ya lithiamu haina risasi, na kuiweka kundi moja na ile ya Owino Uhuru kungekuwa kumpotosha msomaji. Ina hatari zake: ikitobolewa au ikichajiwa vibaya inaweza kushika moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Lakini njia ya taka ni ileile. Taka za Mombasa huishia Mwakirunge, na Mwakirunge ni Kisauni. Kuna watu wanaoishi kwa kupekua jaa lile, wanaovunja kila chenye waya ili wapate shaba. Mradi wa betri usiosema betri zinakwenda wapi umekwisha kusema, ila haukuandika.

Wa kwanza kuyaelewa mambo ya betri hapa kwetu ni waendeshaji boda. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua Mombasa mradi wa pikipiki za umeme za Spiro, na tangu hapo pikipiki hizo zimekuwa sehemu ya barabara zetu. Angalia namna zinavyotumika. Mwendeshaji anafika kituoni, anafunua kiti, anaichomoa betri kwa mikono miwili kwa sababu ni nzito, anaingiza iliyojaa, anatazama asilimia, anaondoka. Hajasubiri chaji hata kidogo. Ndani ya muda mfupi anakuwa na elimu ambayo haimo kwenye kijitabu: abiria wawili na gunia la mahindi wanakula asilimia ngapi; barabara ya mchanga wa Utange inakula zaidi kuliko lami; mteja wa Mtwapa usiku umkubali au umkatae. Ramani yake haina kilomita, ina vituo vya betri. Huyu ndiye mtu wa Kisauni aliye karibu zaidi na rubani wa Velis, na sijaona mpango wa ndege za umeme uliokwenda kumuuliza chochote.

Vivyo hivyo mafundi. Upande wa Kisauni kuna vijana wanaofungua injini za tuktuk juu ya turubai na kuzirudisha zikiwaka. Ng'ambo ya pili, Tudor, kuna Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kinachofundisha uhandisi wa umeme. Kati yao na ndege kuna ukuta wa sheria, na ukuta huo una sababu: hakuna anayeruhusiwa kugusa ndege bila leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na hewani hakuna pembeni pa kuegesha. Lakini mota ya umeme ina sehemu chache zinazozunguka kuliko injini ya pistoni. Kazi yake kubwa ni betri, nyaya, programu, mfumo wa kupoza, na kwa uwanja ulio karibu na bahari, kutu ya chumvi kwenye kila kiunganishi. Hiyo ni kazi inayoweza kufundishwa hapa. Ikiwa fundi atasafirishwa kutoka Ulaya kila taa nyekundu inapowaka, ndege itakaa chini ya turubai kwa wiki tatu, wanafunzi watarudi Wilson, na hakuna atakayetangaza kwamba mradi umekufa.

Stima yenyewe siiogopi kama wengi wanavyoiogopa. Ni kweli kwamba tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima iliingia gizani na hata uwanja wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Ila ndege ya mafunzo inaweza kusubiri. Umeme ukikatika, somo la saa nne linakuwa la saa nane. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hivyo kuchaji hapa si kuhamisha moshi kutoka mahali kwenda mahali, kama ilivyo kwa nchi zinazounguza makaa.

Ningepewa nafasi ya kuupanga mradi huu, ningeanza na ndege mbili za kukodi kutoka Ulaya, zikae Moi International, zifundishe mizunguko na safari ya Ukunda tu. Safari ndefu, usiku na mafunzo ya kuruka kwa vyombo viendelee kwenye ndege za petroli bila aibu, kwani leseni ya biashara hudai saa 200 na Velis haiwezi kuzibeba zote. Chaja ya Malindi ingejengwa baada ya mwaka mzima wa kuandika, kila siku, kaskazi ilikula asilimia ngapi na kusi ikarudisha ngapi. Mafundi wanne wangeajiriwa kabla ya ndege kufika, wapelekwe Slovenia, warudi na leseni, na wawili kati yao wawe wa upande huu wa bara. Ada ya saa moja ingetangazwa ikiwa na bei ya betri ndani yake, hata kama inatisha.

Na katika mkataba, kabla ya ukurasa wa bei, kiwepo kifungu kinachosema betri ikichoka inarudi kwa aliyeiuza, kwa gharama yake, ndani ya muda uliotajwa kwa miezi, na faini ikipita. Namba ya kila betri iandikwe kwenye daftari la wazi, pamoja na tarehe iliyoingia na tarehe iliyotoka, na nakala ya daftari hilo iwekwe kwenye ofisi ya wadi ya Mwakirunge, mahali ambapo mkazi anaweza kuingia asubuhi na kuomba kuisoma.